Sura mpya, gari lile lile: jinsi ya kuitambua Audi A3 kabla hujalipa



Haipiti wiki bila kupokea simu kutoka nyumbani Mombasa nikiwa hapa kwenye gereji yangu, Mukuru kwa Njenga. Anayepiga huwa ametumiwa picha ya gari kwenye simu, na swali lake ni moja: "Fundi, hii ni sura mpya au ya zamani?" Nami huwa namjibu kwamba picha haitoshi. Nipe nambari ya chesisi.

Leo nataka kulijibu swali hilo lote, ili ndugu zangu wa Pwani mjue kujikagulia wenyewe. Nimechagua gari moja tu kuwa mfano, Audi A3 ya milango mitano, kwa sababu mbili. Kwanza, katika yale magari madogo ya kifahari ya Kijerumani ndilo ninalolishika zaidi. Pili, liko moja nililolifanyia kazi mwaka 2022 ambalo mpaka leo halijanitoka akilini. Nitalieleza mbele, maana makosa yalikuwa yangu pia.

Sura mpya ni kitu gani?

Kiwanda kikitoa gari jipya, kwa kawaida hulitengeneza kwa miaka sita mpaka minane kabla ya kulitupa pembeni na kutoa toleo jingine kabisa. Katikati ya umri huo, mwaka wa tatu au wa nne, wanunuzi huanza kulichoka na washindani huwa wametoa yao. Hapo kiwanda hulirudia gari lile lile na kulipa uso mwingine. Mafundi wa huku tunaita feslifti. Mimi hapa nitasema sura mpya.

Msomaji asidhani hiyo ni kazi ya kuunda gari upya. Sehemu ghali kuliko zote katika bodi ni kalibu kubwa za chuma zinazokandamiza bati likawa paa, mlango au ubavu. Kiwanda hakipendi kuzibadilisha kabla ya wakati. Kwa hiyo hugusa vitu ambavyo ni rahisi kubadilisha na vinavyoonekana upesi: bampa za plastiki, grili, taa za mbele na za nyuma, rimu, rangi, usukani, skrini. Mara nyingine huongeza injini mpya, hasa sheria za moshi za Ulaya zinapobana. Lakini paa, milango, vioo vya pembeni na mifupa ya gari hubaki vilevile.

Kwa magari madogo ya kifahari tunayoyaona sana barabarani, miaka ni hii:

Audi A3, toleo la tatu: lilitoka 2012, sura mpya 2016, toleo la nne 2020.

BMW 1 Series, toleo la pili: 2011, sura mpya 2015, toleo la tatu 2019.

Mercedes-Benz A-Class, toleo la tatu: 2012, sura mpya 2015, toleo la nne 2018.

Volkswagen Golf, ambalo ni ndugu wa tumbo moja na A3: toleo la saba 2012, sura mpya ilitangazwa mwishoni mwa 2016, toleo la nane 2019.

Uangalie mwaka wa katikati katika kila mstari. Huo ndio mwaka ambao magari mawili yenye nyuso tofauti yanaweza kuwa na mwaka mmoja kwenye karatasi, na ndio mwaka ambao madalali wanaupenda.

A3 ya 2016: kilichobadilika

A3 ya kwanza ilitoka 1996, ya pili 2003. Ya tatu, ile ya 2012, wenyewe wanaiita 8V, na herufi hizo utazikuta ndani ya nambari ya chesisi. Ilikuwa gari la kwanza kuundwa juu ya msingi mpya wa kampuni mama ya Volkswagen uitwao MQB, msingi ambao Golf la saba pia limesimama juu yake. Ndiyo maana vipuri vingi vya chini, vya breki na vya injini vinaingiliana na vya Golf, na ndiyo maana fundi wa Golf hababaiki mbele ya A3.

Mwaka 2016 sura mpya ilipotoka, mambo yaliyobadilika ni haya.

Taa za mbele. Za zamani ukingo wake wa chini unateleza kwa mkunjo mmoja. Za mpya ukingo huo umekatwa, una kona kama ngazi. Kwa mara ya kwanza A3 ikaweza pia kuagizwa na taa za LED zile za Matrix, ambazo hujizima sehemu sehemu ili zisimpige machoni anayekuja mbele.

Grili na bampa. Grili ikawa pana zaidi na kona zake zikawa kali. Bampa za mbele na nyuma zikachorwa upya, na taa za nyuma zikapata mchoro mwingine wa ndani.

Ndani. Usukani ukawa mpya. Aliyekuwa na pesa aliweza kuagiza dashibodi ya skrini tupu, Audi virtual cockpit, ya inchi 12.3, badala ya saa za mishale. A3 ya sura ya zamani haikuwahi kutoka kiwandani na skrini hiyo. Lakini kumbuka kwamba hata sura mpya nyingi hazina, kwa kuwa ilikuwa ni ya kulipia zaidi. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Injini. Iliongezwa ndogo ya lita 1.0 yenye silinda tatu na nguvu-farasi 115, na ya lita 2.0 ya petroli yenye nguvu-farasi 190.

Kisichobadilika

Gari liliendelea kuwa na urefu wa karibu mita 4.31, na paa lake ni lile lile, milango ile ile, dashibodi ile ile yenye skrini ndogo inayochomoza juu. A3 nyingi zinazotufikia kutoka Japani zina injini ya petroli ya lita 1.4 yenye tabo, na utazikuta hivyo kabla ya sura mpya na baada yake. Injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi, si mnyororo. Mkanda huo uliza habari zake mapema, maana ukikatika, vali na pistoni hukutana, na hapo utanunua injini.

Gia boksi yake ya gia saba ina klachi mbili kavu, zisizoogelea kwenye oili. Ni nyepesi na haili mafuta mengi, lakini haipendi kutambaa. Mtu anayekaa saa moja kila jioni kwenye foleni ya Outer Ring Road, akisogea hatua moja na kusimama, anazila klachi zake polepole, awe na sura mpya au ya zamani. Gari likitikisika linapoanza kuondoka, au likichelewa kushika gia ya pili, usidanganyike na uzuri wa taa. Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Magari haya hushukia kwetu, bandari ya Mombasa, kabla ya kupanda barabara ya Nairobi. Kanuni ya KEBS inasema gari lililotumika lisiwe limepita miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Hesabu ni ya usajili. Haiulizi sura. Gari linaweza kutengenezwa mwaka mmoja, likakaa dukani Japani, likasajiliwa mwaka unaofuata.

KRA nayo hukokotoa kodi kwa kuangalia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri. Ukubwa wa injini nao una sauti: ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi lita 1.5 ni mdogo kuliko kwa injini kubwa zaidi, na hapo A3 ya lita 1.4 inapata nafuu.

Kitabu cha gari cha NTSA kitakuandikia aina, rangi, nambari ya chesisi, nambari ya injini, ukubwa wa injini na mwaka. Hakikuandikii bampa. Hakikuandikii taa.

Kuanzia Januari 2024, magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2016 hayakuruhusiwa tena kuingia. Januari 2025 yakafuata ya 2017. Maana yake ni kwamba A3 za sura ya zamani zilizoko Kenya hii leo ndizo hizo hizo, karibu haziongezeki tena. Tunauziana wenyewe kwa wenyewe, mkono wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mkono unataka faida. Zamani ulanguzi ulikuwa ni kurudisha nyuma kilomita. Siku hizi umeongezeka na huu wa kuvisha sura.

Gari nililolivisha

Mukuru kwa Njenga iko kati ya viwanda vya Industrial Area na mitaa ya Embakasi, jirani na Imara Daima na Pipeline. Mafundi wa bodi tuko wengi kwa sababu vipuri havitoki mbali na ukodishaji wa kiwanja ulikuwa nafuu. Mwishoni mwa 2021 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara. Banda langu lilikwenda pamoja nazo. Niliwahi kuokoa mashine ya upepo ya kupulizia rangi na sanduku la spana, nikavisukuma kwa mkokoteni mpaka kando ya ukuta wa kiwanda kimoja. Miezi mitatu nikafanya kazi chini ya turubai.

Hapo ndipo alipokuja dalali mmoja na A3 nyeupe. Ilikuwa ya sura ya zamani, usajili wa kwanza 2016. Kwenye buti alikuwa na bampa, grili na taa mbili za sura mpya, vyote vilivyotumika. Akasema, "Fundi, nivishie hii nguo mpya. Siku tatu." Tukapatana shilingi elfu ishirini. Kwa mtu asiye na banda, hizo zilikuwa mabati.

Bampa ilikaa vizuri baada ya kuisumbua kidogo. Lakini povu gumu linalokaa nyuma yake, lile linalopokea kishindo gari likigonga, halikuja na bampa. Taa ndizo zilizokuwa na shida kubwa. Plagi hazikuoana. Njia halali ni kutafuta nyaya za kuunganishia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, kisha kumwita fundi wa umeme mwenye kompyuta aifundishe gari kuzitambua taa mpya na kuzipima mwanga wake ukutani. Nilimweleza. Akasema hana muda huo. Nikakata waya, nikazisokota, nikazifunga tepu. Taa zikawaka. Kwenye dashibodi likabaki onyo, akasema hilo ataliondoa mwenyewe. Povu la bampa sikulitafuta.

Mwezi wa nane mwaka ule ule akaja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kisauni. Mumewe anafanya kazi ghalani huku Enterprise Road, na mtu alimwelekeza kwangu bila kujua lolote. Akanieleza kwamba wiki tatu nyuma alikuwa akitoka Voi kurudi Mombasa usiku, watoto wake wawili wamelala kiti cha nyuma. Karibu na Mackinnon Road taa ya kushoto ikazimika. Kabla hajapata pa kusimama, ya kulia ikafuata. Akaliachia gari lichepuke kwenye changarawe akiomba kusiwe na daraja. Lori likampita kwa kishindo mpaka gari likayumba. Hakuumia mtu. Fundi wa Mariakani alimfungia waya za muda, na kutoka siku hiyo hasafiri usiku.

Nilipofungua bonneti nikaiona tepu ya bluu. Mafundi wengi hutumia nyeusi. Bluu ni yangu mimi, nilinunua boksi zima kwa bei ya kutupa.

Akaniuliza, "Lakini fundi, hili si la sura mpya? Aliyeniuzia aliniambia ni 2016 ya mwisho-mwisho, ndiyo maana bei ikapanda."

Nikamwambia, "Mwalimu, keti kwanza."

Nikampeleka kwenye kioo cha mbele nikamwonyesha nambari ya chesisi, herufi kwa herufi. Ya kumi ilikuwa G. Nikamweleza maana yake. Aliniambia alilipa shilingi laki mbili na nusu zaidi ya A3 nyingine ya mwaka huo huo aliyoiona Mombasa, na zilikuwa pesa za mkopo wa chama cha akiba, anakatwa kwenye mshahara. Akatazama zile waya kwa muda.

"Na hii tepu aliyeifunga ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu kama angenitukana. Aliniuliza swali moja tu: kama nilijua gari lingeuzwa kwa nani. Nikamwambia sikuuliza. Na hiyo ndiyo kweli yenyewe, sikuuliza kwa sababu nilitaka mabati.

Nilimfanyia upya bila malipo. Tukatafuta nyaya sahihi, nikamlipa fundi wa kompyuta kutoka mfukoni mwangu, tukapima taa ukutani jioni, na povu la bampa nikalipata kwa mwenzangu. Simu ya dalali haikupatikana, siku ile wala baadaye. Pesa zake zile sikuwa nazo za kumrudishia.

Jinsi ya kukagua mwenyewe

Hatua hizi hazihitaji fundi wala kompyuta. Zifuate kwa mpangilio.

Ya kwanza, tafuta nambari ya chesisi mahali zaidi ya pamoja. Kwenye A3 utaiona kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, na imepigwa pia chini ya bonneti. Ina herufi na tarakimu 17. Ilinganishe na kitabu cha gari. Zisipolingana hata kwa herufi moja, rudi nyumbani.

Ya pili, isome. WAU mwanzoni ni Audi ya Ujerumani. Nafasi ya saba na ya nane zitasema 8V, toleo hilo la 2012 mpaka 2020. Nafasi ya kumi ndiyo ya mwaka wa mfano: E ni 2014, F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017, J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Herufi I hairukwi kwa bahati mbaya, haitumiki kabisa kwa sababu inafanana na 1. Mwaka wa mfano huanza katikati ya mwaka wa kalenda uliotangulia. Kwa hiyo A3 iliyotoka kiwandani Septemba 2016 huwa tayari ni H, na sura mpya ilianza na mwaka wa mfano 2017. Ukiona uso mpya juu ya herufi G au F, uliza maswali.

Ya tatu, fungua buti, inua zulia, tazama kwenye shimo la tairi la akiba. Kuna karatasi ya kunata yenye nambari ya chesisi, alama ya rangi, injini, gia boksi na orodha ya alama fupi za vitu vyote gari lilivyotoka navyo kiwandani, pamoja na aina ya taa. Ipige picha, mpelekee muuza vipuri yeyote anayejua Audi, atakusomea. Nakala yake huwa pia ndani ya kitabu cha huduma. Ikiwa karatasi imebanduliwa, hilo nalo ni jibu.

Ya nne, angalia tarehe za vitu vidogo. Kila mkanda wa kiti una kitambaa chenye tarehe ya kutengenezwa, vioo vina alama za mwaka, na taa zina tarehe kwenye plastiki ya nyuma. Mikanda ikisema 2015 na taa zikisema 2018, taa hizo zimekuja baadaye.

Ya tano, tazama nyuma. Anayevisha kwa haraka huvisha mbele tu, kwa sababu mbele ndiko picha hupigwa. Taa za nyuma na bampa ya nyuma mara nyingi hubaki za zamani. Usiamini maandishi ya buti. Kuanzia mwishoni mwa 2017 Audi ilianza kubandika tarakimu kama 30 na 35 badala ya ukubwa wa injini, na beji hizo huuzwa rejareja na kubandikwa kwa gundi.

Ya sita, washa gari, subiri dashibodi itulie. Onyo lolote la taa lisipuuzwe. Kisha subiri giza, liegeshe mita tano kutoka ukutani, uone kama mianga miwili iko sawa. Ukiweza, funua bonneti uangalie nyaya zinazoingia nyuma ya taa. Zikiwa na tepu, ya rangi yoyote, mwite fundi usiyetumwa na muuzaji.

Ya saba, iandike. Katika mkataba wa mauzo usitosheke na "Audi A3 2016". Andika nambari ya chesisi, na kama unalipia sura mpya, andika kwamba ni sura mpya kutoka kiwandani. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini mahakama inataka karatasi. Mwalimu wangu alikuwa na risiti yenye mstari mmoja na maneno ya mdomo.

Neno moja kuhusu bima. Gari lako likiharibika kabisa, bima hulipa thamani yake ya sokoni siku hiyo, si ile uliyotajiwa na dalali. Ukilikatia bima kwa bei ya sura mpya na ndani ni ya zamani, unalipia kila mwaka pesa ambazo hutazipata.

Je, kuvisha ni haramu ya kazi?

Hapana. Mtu aliyegonga mbele, taa na bampa zikavunjika, anaweza kuona bei ya vipuri vya sura mpya haipishani sana na ya zamani akaamua kuvisha. Gari ni lake. Ikifanywa kwa nyaya sahihi, povu likawekwa, taa zikapimwa, ni kazi safi na nimeifanya mara nyingi. Ubaya unaanza pale anayenunua anapofichwa.

Na wala simwambii mtu akimbilie sura mpya. Kama bajeti yako ni ya A3 ya 2015 yenye rekodi zote za huduma, mkanda uliobadilishwa na gia boksi inayoondoka bila kutetemeka, ichukue na uifurahie. Ni bora kuliko ya 2017 iliyokaushwa oili. Kwa ndani ya chuma tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye picha.

Tangu mwezi ule wa nane, kwenye gereji yangu kuna daftari la kurasa mia mbili. Gari likiingia kubadilishwa sura naandika nambari ya chesisi, tarehe, na kila kitu kilichotolewa na kilichowekwa. Mwenye gari anaweka sahihi, na risiti yake inasema hivyo hivyo: gari hili limevishwa. Asiyetaka kuandikiwa namwambia atafute fundi mwingine. Wawili wameondoka. Sijui walikokwenda, lakini magari yao yako barabarani, na huenda moja linakuja kwako.

Kwa hiyo ukiliona A3 linalokupendeza na wasiwasi ukakushika, nitumie herufi zile 17. Kama liko kwenye daftari langu, nitakwambia. Kama haliko, angalau tutajua herufi ya kumi inasema nini. Mwalimu bado analiendesha lile jeupe lake. Likizo iliyopita alinipigia akiwa Mtito Andei, saa mbili usiku, kuniambia tu kwamba taa zinawaka.

Mwandishi ni mzaliwa wa Likoni na fundi wa bodi na rangi, Mukuru kwa Njenga, Nairobi.